Yale Tusiyomwambia Daktari

(Maneno niliyowaambia wazazi na wagonjwa wenzangu wa selimundu, Mwanza, tarehe 19 Juni)

Mheshimiwa mgeni rasmi, madaktari, wauguzi, wazazi na vijana wangu: itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni.

Naomba radhi mapema, nitazungumza nikiwa nimekaa. Nyonga yangu ya kushoto ilishachoka. Kichwa cha mfupa wa paja kilikosa damu kwa miaka mingi, kikafa, na leo nikisimama zaidi ya dakika kumi, kesho duka halifunguliwi. Tena mtaniona nainua chupa hii kila baada ya muda. Msidhani ni mbwembwe za watu wa kwenye televisheni. Maji haya ni dawa yangu ya kwanza, kabla ya zote nitakazozitaja.

Niliambiwa nije nizungumzie "kuishi na selimundu", huu ugonjwa wetu wa damu. Nikakaa nyumbani nikawaza, nikaona mada ni pana mno kwangu. Mimi ni fundi cherehani, ninachokijua ni pindo na vifungo. Kwa hiyo nitasema mambo madogo, yale ambayo mgonjwa akiingia kwa daktari, akaulizwa "unaendeleaje?", anajibu "naendelea vizuri", kisha anatoka nayo mlangoni vilevile alivyoingia nayo. Mkojo. Kucha. Choo kigumu. Vidonge vilivyotupwa chooni. Na lipo jambo moja la wanaume nitakalolisema waziwazi, wazee mtanisamehe.

Nimezaliwa mwaka 1985 ng'ambo ya pili, upande wa Sengerema. Mimi ni mtoto wa nne kwa mama yangu, na wawili walionitangulia hawakufika miaka mitano. Mmoja, akiwa bado ananyonya, alivimba viganja na nyayo, vidole vikawa kama vitumbua. Kijijini wakasema amekanyagishwa dawa. Mtoto ambaye hata kutembea alikuwa hajaanza! Leo muuguzi yeyote aliyepo hapa atakwambia kuvimba kule ni moja ya dalili za mwanzo kabisa za ugonjwa huu kwa mtoto mchanga. Mama yangu hakuambiwa na mtu.

Mimi nilipimwa nikiwa na miaka minane. Nakumbuka safari kuliko kipimo. Maumivu yalinikamata magoti yote mawili usiku, mama akanibeba mgongoni, tukafika Busisi kivuko kimeshalala upande wa Kigongo. Tukakaa pale ufukweni mpaka alfajiri na upepo wa ziwa unapiga. Kulikuwa na mama ntilie anafunga biashara yake. Mama akamwomba maji ya moto, akayatia kwenye chupa ya soda, akaizungushia khanga, akawa ananipitishia magotini. Chupa ikipoa anarudi kuomba tena. Mwaka 2025, tarehe hii hii ya 19 Juni, lilipofunguliwa lile daraja la kutoka Kigongo kwenda Busisi, watu walikuwa wanashangilia kwenye redio, mimi nimekaa kwenye cherehani nalia. Wateja wakadhani nimefiwa. Wala waliolichagulia tarehe sidhani kama walikumbuka kuwa ni siku yetu, Siku ya Selimundu Duniani, ile iliyotengwa na Umoja wa Mataifa kwa azimio la Desemba 2008.

Turudi kwenye damu. Ugonjwa umebeba jina lake: seli yenye umbo la mundu. Seli nyekundu ya mtu mwingine ni ya mviringo, laini, inajikunja ikapenya mshipa mwembamba kuliko yenyewe, na huishi siku 120 hivi. Ya kwetu ikishaachia oksijeni, hemoglobini iliyomo ndani, ile inayobeba oksijeni, hujipanga kama nyuzi, seli inakakamaa na kupinda. Huishi siku 10 mpaka 20 tu. Fundi mwenzangu atanielewa haraka: uzi ukijisokota ndani ya bobini, cherehani haivuti, na ukilazimisha unavunja sindano. Zikiziba njia, sehemu iliyo mbele inakosa damu, na hayo ndiyo maumivu yetu. Zikifa mapema, damu inapungua na yale mabaki yake yanatufanya macho kuwa ya njano. Mtoto wako akiitwa "macho bendera" shuleni, ni hilo. Hajala kitu kibaya, wala hana ugonjwa wa kuambukiza.

Na kabla sijaenda mbali: mtoto huyu amerithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Nawaona akina baba kule nyuma mnatazama simu. Nirudie? Wote wawili. Ukanda wetu wa ziwa una wabebaji wengi, yaani waliorithi kwa mzazi mmoja tu, kwa sababu ya malaria. Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mtu aliyerithi upande mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana chembe hii ya urithi ilibaki kwetu kizazi hadi kizazi. Ila aliyerithi pande zote mbili hana bahati hiyo. Malaria kwake ni hatari kubwa, na chandarua kwake si hiari.

Sasa mkojo.

Figo zetu huharibika mapema, tukiwa wadogo kabisa, na kazi zinayoishindwa kwanza ni kubana maji. Mtu mwingine akinywa maji kidogo, figo zake zinayahifadhi, mkojo unatoka mchache na mzito. Zetu hazijui kubana. Maji yanapita tu, unywe usinywe. Kwa hiyo mtoto wa selimundu anakojoa sana, anakojoa kitandani mpaka umri ambao wenzake wameshaacha siku nyingi, na akinyimwa maji anakauka haraka kuliko wenzake. Akikauka, damu inakuwa nzito, seli zinapinda, maumivu yanaanza. Huo ndio mzunguko, na katikati yake mara nyingi amesimama mzazi na fimbo.

Mimi nilichapwa. Si na mama, mama alikuwa na huruma zake. Nilichapwa kwa ndugu nilikokaa nikisoma. Nikajifunza akili yangu ya kitoto: kuanzia saa kumi jioni sinywi kitu. Nikawa naamka kitanda kikavu na mifupa inawaka moto. Miaka miwili nililazwa mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, na kila daktari aliyeniuliza kama nakunywa maji nilimjibu ndiyo. Hakuna aliyeniuliza saa ngapi.

Mzazi, mnunulie mwanao mpira wa kutandika chini ya shuka. Mwamshe akojoe unapokwenda kulala wewe, na mwamshe tena ukiamka usiku. Maji mpe kutwa nzima, kidogo kidogo. Usimpe lita nzima saa mbili usiku kisha ukashangaa. Halafu nenda shuleni mwenyewe, usitume barua. Kaa na mwalimu wa darasa umwambie mambo matatu: mtoto huyu atakuwa na chupa ya maji mezani, ataomba ruhusa ya chooni mara nyingi kuliko wengine na si mtoro, na mchakamchaka wa alfajiri haumhusu. Mchakamchaka ule! Kumepambazuka, umande, mtoto kavaa shati la mikono mifupi, anakimbia anaimba. Kwa mwenzake ni mazoezi. Kwake ni jasho linalopoa mwilini kwenye baridi, na saa nne asubuhi mwalimu wa zamu anatafuta bodaboda ya kumpeleka zahanati.

Baridi siielezi sana, kila mmoja wenu anaijua. Maji ya kuoga yawe vuguvugu. Sweta lisitoke begani mwezi huu wa sita. Ukinyeshewa, badili nguo kwanza, salamu baadaye. Na ukiumia mfupa usiweke barafu, hata kama kwenye mpira unaona wachezaji wanawekewa. Barafu inabana mishipa, sisi tunataka mishipa ilegee. Chupa ya mama yangu ilikuwa sahihi tangu mwaka ule.

Maumivu. Hapa nitakaa kidogo.

Maumivu ya selimundu yana ngazi zake, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayezijua. Mimi yangu huanza na kitu kama kuchoka, kwenye kiuno, saa nyingine siku moja kabla. Hapo naacha cherehani, nakunywa maji, najikanda kwa joto, nameza paracetamol na kulala. Mara nyingi yanaishia hapo. Kosa tunalofanya ni kusubiri kwanza, "nimalizie hii gauni ya sendofu", ukija kustuka umefika ngazi ya nne na paracetamol haikusikii tena.

Kosa la pili liko kwenye duka la dawa. Unakwenda unasema "naumwa mifupa", unapewa diclofenac, unapona, wiki ijayo unarudi. Mimi nilikuwa nazo kwenye kikopo cha bobini, nazimeza kama karanga. Figo hizohizo nilizosema haziwezi kubana maji, ndizo nilizokuwa nazipiga kila siku. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofen, zina nafasi yake, kwa siku chache na kwa kipimo cha daktari anayejua hali ya figo zako. Mwambie unazimeza ngapi. Usione haya, yeye hakuhukumu, anatafuta namna ya kukusaidia.

Na ikifika mofini, ile dawa kali ya maumivu? Watu wanaiogopa kama ni bangi. Mofini ya maji nimeitumia, nimerudi kazini, sikuwa teja. Ila ina mambo yake, na bora uyajue kabla. Inafunga choo. Kila anayeitumia kwa siku kadhaa choo kinakuwa kigumu, na hakuna mtu anayemwambia daktari habari za choo, tunabaki tumbo limejaa mpaka tunaacha dawa ya maumivu kwa sababu ya tumbo. Dai dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo unayoanza mofini. Papai na maji vinasaidia, lakini havitoshi peke yake. Inawasha pia, hasa puani na usoni, na inaleta usingizi na kichefuchefu siku za mwanzo. Vyote hivyo vina dawa yake au marekebisho ya kipimo. Halafu ukiwa umelala kitandani unaumwa kifua au mgongo, usipumue nusunusu kwa kuogopa maumivu. Vuta pumzi kubwa kama mara kumi, kila baada ya muda wa masaa mawili ukiwa macho. Watoto wape puto wapulize. Pafu lisilofunguka ndilo linaloshikwa na matatizo ya kifua, na hayo yanaua.

Kuna jambo linaniuma nalo nitalisema. Hospitali moja, sitaitaja, nilifika usiku nimekunjamana kama mkeka. Aliyenipokea akamwambia mwenzake, "Huyu tunamjua, kazoea sindano." Nilikuwa nasikia. Nilisubiri kwenye benchi la mbao mpaka zamu ikabadilika. Mgonjwa wa selimundu hana jeraha la kuonyesha. Huenda anaumwa huku anachati, huku anacheka hata, kwa sababu ameshaumwa miaka 30 na amejifunza kutolia. Wauguzi mliopo hapa, nawapenda, wengi wenu mmeniokoa. Ila mkiwafundisha wanafunzi wenu, waambieni kwamba kipimo cha maumivu ni mdomo wa mgonjwa.

Sasa dawa ya haidroksiyurea. Sisi tunaiita haidroksi.

Wakati mtoto yuko tumboni mwa mama yake ana hemoglobini ya kitoto, na hiyo haipindi. Ndiyo maana watoto wetu miezi ya mwanzo wanaonekana wazima, kisha hiyo hemoglobini ikipungua, ugonjwa unajitokeza. Haidroksi inaushawishi mwili kuitengeneza tena. Marekani iliidhinisha itumike kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998. Huku kwetu kulikuwa na hofu: je, itawafanyia nini watoto wanaoishi penye malaria? Ndipo ukafanyika utafiti Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, kwa watoto 600 na ushee, na majibu yakatoka mwishoni mwa 2018. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria haikuongezeka, ilipungua. Kuongezewa damu kulipungua, na vifo pia. Hawa ni watoto wa Afrika, wenye mbu walewale.

Mimi nilianza mwaka 2017. Nikaiacha 2018. Sikumwambia mtu.

Ilikuwa hivi. Mwezi wa tatu au wa nne wa dawa nikaona mstari mweusi kwenye kucha ya kidole gumba, umeanzia kwenye shina la kucha unapanda. Baadaye vidole vyote, na viganja vikaanza kuwa na mabakamabaka meusi. Mimi ni fundi. Mteja anapokuja kupimwa, kitu cha kwanza anachokiona ni mikono yangu, nimeshika futi kifuani kwake. Mmoja akauliza, "Fundi, kulikoni?" Mama mkwe akasema ni mkono wa mtu. Shemeji yangu akasoma kwenye simu kwamba haidroksi ni dawa ya saratani, akaniambia mbele ya watu, "Kumbe una kansa unatuficha." Nywele nazo zikawa zinabaki kwenye kitana. Nikapiga hesabu zangu: kwani siku hizi naumwa? Siumwi. Basi nimepona.

Nikawa nachukua vidonge kliniki kila mwezi, nafika nyumbani namwaga chooni. Miezi mitano.

Siku ya kliniki daktari akaniuliza, "Mama, dawa unameza?" Nikamjibu, "Nameza, daktari." Akavuta karatasi ya kipimo cha damu, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Haidroksi hukuza seli nyekundu. Machi seli zako zilikuwa kubwa hivi. Leo zimerudi udogo wake ule wa zamani." Akanitazama. "Sasa hii damu ni ya nani?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Alitaka nirudi siku ya pili tuzungumze, nikaona aibu, sikurudi. Wiki tatu baadaye nililazwa kwa maumivu ya kifua, siku 16, nikaongezewa chupa tatu za damu, na gauni za maharusi wawili zikashonwa na fundi mwingine.

Niliporudi kwake nilimwambia yote, hata habari ya shemeji. Akanieleza mambo ambayo kama ningeyauliza mwaka mmoja kabla, yangeniokoa. Weusi wa kucha na ngozi ni wa kawaida kwa wengi wanaotumia dawa hii, hauna madhara, na hauui. Mimi sasa napaka hina, kucha zote kumi, na wateja wanasema fundi amependeza. Nywele hupungua kwa baadhi yetu. Nimekata fupi, basi. Kichefuchefu nilikikwepa kwa kumeza usiku baada ya kula. Dozi ukisahau, usimeze mbili kesho yake. Na subira: miezi mitatu mpaka sita ndiyo unaanza kuona faida, wengine wanaacha wiki ya nane wakisema haifanyi kazi.

Yapo mengine si ya kupaka hina, nisikilizeni hapa. Dawa hii inaweza kushusha chembe nyeupe za damu, zile askari, na chembe sahani zinazogandisha damu. Huwezi kuliona hilo kwa macho. Linaonekana kwenye kipimo cha picha kamili ya damu, ndiyo maana mwanzoni unaitwa kupima mara kwa mara, na hata ukizoea, kila miezi miwili mitatu. Anayechukua dawa bila kupima anaendesha daladala bila breki. Chembe zikishuka sana, daktari husimamisha wiki moja au mbili, zikipanda anairudisha, pengine kwa dozi ndogo. Kule ni kusimamisha. Mimi nilichofanya ni kutoroka. Ukiona vidonda mdomoni, damu ya fizi au ya pua isiyokoma, usisubiri tarehe ya kliniki. Homa usiisubiri hata kidogo: joto likifika 38.5 ni hospitali siku hiyohiyo, usiku huohuo, na ukifika useme "nina selimundu na natumia haidroksi", maana kwenye foleni ya homa watakupima malaria tu wakuache.

Kinadada na kinakaka mnaotaka watoto: mwambie daktari kabla. Haidroksi haifai kwa ujauzito, na kwa wanaume hupunguza mbegu. Kuna njia ya kupanga, lakini haipangwi baada ya kukosa siku zako. Na akina mama mnaowafungulia watoto kidonge mkamwaga unga kwenye uji, acheni. Mwulizeni mfamasia jinsi ya kumpa mtoto asiyeweza kumeza, na mjamzito asiushike unga ule kabisa.

Nilisema kuna la wanaume. Wavulana wetu wanaweza kusimama uume bila hamu yoyote, mara nyingi alfajiri, kwa maumivu makali, kwa sababu damu imeingia ikanasa. Inaitwa priapizimu. Hakuna kijana anayemwambia mama yake. Hakuna anayemwambia muuguzi wa kike. Anakaa chumbani kajifunika shuka siku nzima, na akija kupelekwa, nguvu zake za kiume zimekwisha akiwa na miaka 17. Kijana: kojoa, kunywa maji mengi, tembea kidogo, oga maji ya uvuguvugu. Muda wa masaa mawili ukipita haujalala, anza safari. Ukipita masaa manne unapoteza kitu kisichorudi. Na zile za dakika chache zinazokuja na kuondoka, nazo sema kliniki, maana huwa zinatangulia ile kubwa. Baba, mtoto huyu atakwambia wewe au hatamwambia mtu. Mwulize leo mkiwa njiani kurudi.

Kwa wenye watoto chini ya miaka mitano sitarudia ya wauguzi: penisilini asubuhi na jioni bila kuruka, chanjo zote, na mama ajifunze kupapasa bandama. Bandama ikivimba ghafla, mtoto akipauka midomo, ni kukimbia. Mdomo ukienda upande au mkono mmoja ukilegea, kukimbia vilevile, hata kama baada ya saa moja umerudi kawaida.

Na dawa za kuongeza damu. Juisi ya rozela kunyweni, mchicha kuleni, sijakataza. Ila zile sirapu za madini ya chuma mnazouziwa, kwa mgonjwa wa selimundu msinunue bila kupimwa. Damu yetu haipungui kwa kukosa chuma, inapungua kwa kuvunjika. Na kila chupa ya damu unayoongezewa inakuja na chuma chake, kinabaki, kinajirundika kwenye ini na moyo. Unachokihitaji kila siku ni foliki asidi, kidonge kidogo cha njano, bei yake haizidi andazi.

Najua kuna mtu atauliza habari za kupona kabisa. Kupandikiza uloto, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kumeanza nchini, kule Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, kwa mtoto mwenye ndugu ambaye uloto wake unalingana na wake. Tiba ya kurekebisha vinasaba iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, bei yake hata kwao wanashika kichwa. Yakifika nitapanga foleni. Kwa sasa nina cherehani.

Na cherehani yenyewe niliibadilisha. Ile ya kukanyaga ilikuwa inanimaliza nyonga, nikafunga mota. Napokea nguo nusu ya nilizokuwa napokea, na mteja namwambia siku ya kuchukua ni Alhamisi hata kama sherehe ni Jumamosi, ili siku mbili za kabla ya sherehe ziwe za mwili wangu kama utagoma. Uchovu huu watu wa nyumbani hawauoni. Hemoglobini yangu siku njema ni 8 tu. Kuna siku nafagia chumba kimoja nakaa nusu saa. Zamani nilikuwa najificha chooni nipumzike wasinione mvivu. Siku hizi nalala kwenye mkeka hapo hapo dukani, nguo za watu zinaning'inia juu yangu, mteja akifika anagonga meza.

Muuguzi ananionyesha saa. Wale wanaopima damu, meza iko upande wa kulia, na wazazi pia mpime, msipime watoto tu. Mwenye swali ambalo hawezi kuliuliza kwenye kipaza sauti, nitakuwa pale chini ya mwembe mpaka saa kumi. Vijana wa kiume mnaweza kuja mmoja mmoja. Nina nusu chupa ya maji imebaki, na kuna anayejua bomba liko wapi?